Haki Zilizopotea Hazikuacha Tarehe

Muulize Mkenya yeyote wa umri wa makamo ni lini Katiba mpya ilizinduliwa, atakujibu bila kusita: 27 Agosti 2010, Uhuru Park, Rais Mwai Kibaki akiwa ameinua nakala juu ili umati uione. Sasa muulize ni siku gani Bunge lilikubali mtu awekwe kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Muulize ni siku gani majaji walinyang'anywa kinga ya kazi yao wakabaki kutumikia kwa hisani ya Rais. Hatakuwa na jibu, na si kosa lake. Hakuna shule iliyomfundisha, hakuna gwaride linalopigwa siku hiyo, hakuna barabara iliyopewa jina la tarehe hiyo.

Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuadhimisha haki zetu. Uhuru wa Wakenya haukuporwa kwa siku moja. Uliondoka kifungu kimoja baada ya kingine, mchana kweupe, kwa kura za wabunge waliochaguliwa, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa akihesabu, tulishtuka ukiwa umekwisha.

Agosti 2025 Rais William Ruto alitangaza kwamba tarehe 27 Agosti kila mwaka itakuwa Siku ya Katiba. Haikufanywa kuwa likizo. Watu waende kazini kama kawaida, lakini taasisi za umma ziitumie siku hiyo kwa elimu ya uraia na tafakuri. Niliwasikia wengi wakilipuuza tangazo hilo kwa sababu ya aliyelitoa na wakati alipolitoa. Nawaelewa, na nitaeleza hapa chini kwa nini hasira yao ina haki. Hata hivyo, kuisusa siku hiyo ni kumwachia mtawala achague tukumbuke nini na tusahau nini. Siku ya haki za mwananchi ikiendeshwa na Serikali peke yake, itakuwa hotuba, bendi na viti vya wageni mashuhuri.

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu hoja yangu yote imesimama juu ya historia hii.

Katiba ya uhuru ya 1963 ilikuwa na sura nzima ya haki za msingi. Hilo husahaulika, tunazungumza kana kwamba haki zilizaliwa 2010. Mwaka 1966 Bunge lilibadilisha Katiba na sheria ya usalama wa umma, Rais akapata uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila mashtaka hata wakati nchi haiko vitani wala katika hali ya hatari iliyotangazwa. Wabunge walioyapigia kura mabadiliko hayo bila shaka waliamini kwamba yanawalenga watu wengine. Oktoba 1975 yakawafikia wao. Martin Shikuku alisema bungeni kwamba wapo wanaotaka kuliua Bunge kama walivyoiua KANU, chama kilichokuwa kikitawala. Alipotakiwa athibitishe, Jean-Marie Seroney, Naibu Spika aliyekuwa kitini, akasema jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Siku chache baadaye polisi waliingia katika majengo ya Bunge wakawachukua wote wawili. Walikaa kizuizini hadi Desemba 1978.

Naomba msomaji atulie hapo kidogo. Naibu Spika wa Bunge, mwanasheria, anachukuliwa kutoka mahali pake pa kazi na hakuna mahakama ya kuuliza kwa nini, kwa sababu miaka tisa kabla Bunge hilohilo lilikuwa limeufunga mlango wa mahakama. Tangu 1966 hadi 1975 nani alikuwa amekumbusha? Nani aliyesimama kila mwaka akasema leo ndiyo siku tuliyopoteza haki ya kusikilizwa?

Yaliyofuata yalikwenda kasi. Juni 1982 kikaingizwa kifungu cha 2A, KANU ikawa chama pekee kwa mujibu wa sheria. Mwaka 1986 Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa hesabu za Serikali wakaondolewa kinga ya kazi. 1988 ikawa zamu ya majaji. Mwaka huohuo polisi wakaruhusiwa kumshikilia mshukiwa wa kosa la hukumu ya kifo kwa siku 14 kabla ya kumpeleka kortini. Katika miaka hiyo ndipo vyumba vya chini vya jengo la Nyayo House, katikati ya Nairobi, vilipofanywa mahali pa mateso. Watu walifungiwa humo wakiwa wamesimama ndani ya maji, siku baada ya siku. Jengo hilo bado lipo na lina kazi zake. Wakenya hupanga foleni humo kutafuta pasipoti, ambayo Kifungu cha 12 cha Katiba ya sasa kinasema ni haki ya kila raia, na wengi wao hawajui wamesimama juu ya nini.

Sasa upande wa pili: haki zilivyorudi. Hapa tarehe zipo, kwa sababu watu waliumia na aliyeumia hasahau. Tarehe 7 Julai 1990, Saba Saba, mkutano wa kudai vyama vingi katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, ulioitishwa na Kenneth Matiba na Charles Rubia, ambao wenyewe walikuwa tayari wametiwa kizuizini. Wananchi wakajitokeza bila viongozi wao na wakapigwa risasi. Desemba 1991, kifungu cha 2A kikafutwa. Kisha Februari 1992, tukio ambalo kwa maoni yangu linastahili siku yake lenyewe. Akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wengi wao wazee kutoka mashambani, walipiga kambi Uhuru Park pamoja na Wangari Maathai, wakagoma kula, wakadai wana wao waachiliwe. Tarehe 3 Machi polisi wakawavamia kwa virungu na gesi ya machozi. Maathai alipigwa hadi akapoteza fahamu. Baadhi ya akina mama wale wakavua nguo mbele ya askari, na kila askari pale alijua maana ya mama wa rika la mamake kufanya hivyo. Hawakukata tamaa. Walihamia Kanisa Kuu la All Saints, wakakaa huko karibu mwaka mzima, hadi wana wao walipofunguliwa mapema mwaka 1993.

Bustani hiyohiyo ndiyo Kibaki aliyosimama miaka 18 baadaye akatia saini Katiba mpya. Kifungu cha 37 cha Katiba hiyo kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana, kufanya mgomo wa amani na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma, bila silaha. Nikikisoma, nawaona akina mama wale. Sijui mwalimu anaweza kukifundisha vipi bila kuwataja.

Kati ya 1992 na 2010 kuna mengi ambayo siwezi kuyamaliza hapa. Mkutano wa kitaifa wa kujadili rasimu ya Katiba uliofanyika Bomas chini ya Profesa Yash Pal Ghai. Profesa Crispin Odhiambo Mbai, aliyeongoza kamati ya ugatuzi Bomas, aliyeuawa kwa risasi nyumbani kwake Nairobi Septemba 2003. Kura ya maoni ya Novemba 2005 ambapo chungwa, alama ya Hapana, lilishinda ndizi, alama ya Ndiyo. Machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007, ambayo Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133. Ndipo ikaja kura ya 4 Agosti 2010, Wakenya zaidi ya milioni sita wakasema Ndiyo, takriban asilimia 67. Mtu anayesema Katiba hii ililetwa na wanasiasa au na wafadhili wa nje hajaipitia orodha hiyo.

Lipo swali gumu zaidi la siku ipi hasa tuadhimishe. Kifungu cha 9 kinataja siku tatu za kitaifa: Madaraka, Mashujaa na Jamhuri. Katiba yenyewe haikujiwekea siku. Wenzetu wa Afrika Kusini walipata suala hilohilo na wakalijibu kwa namna ninayoiheshimu. Siku yao ya Haki za Binadamu ni 21 Machi, siku ya mwaka 1960 ambayo polisi waliwaua watu 69 Sharpeville waliokuwa wakipinga sheria za vitambulisho vya kutembelea. Na Nelson Mandela, alipokuwa anatia saini Katiba mpya tarehe 10 Desemba 1996, alikwenda kuisaini hukohuko Sharpeville. Waliyafunga mambo mawili pamoja: karatasi na damu. Mtoto wa Afrika Kusini hawezi kuadhimisha haki zake bila kukutana na waliozilipia.

Sisi tumevitenganisha. Tarehe ya saini ndiyo iliyopewa heshima rasmi; tarehe za damu huwekewa vizuizi barabarani. Nasema hivi kwa uchungu. Tarehe 25 Juni 2025 vijana walitoka kuwakumbuka wenzao waliouawa mwaka uliotangulia katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha wa 2024, ambapo Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilirekodi vifo 60. Vituo vya televisheni viliamriwa visitangaze maandamano hayo moja kwa moja, hadi Mahakama Kuu ikaisimamisha amri hiyo. Watu wengine zaidi ya kumi wakauawa siku ileile ya kuomboleza. Siku 12 baadaye, Saba Saba, miaka 35 kamili tangu Kamukunji, barabara kuu za kuingia Nairobi zikafungwa na polisi, na nchini kote wakafa zaidi ya 30. Kisha Agosti ikaja Siku ya Katiba. Ndiyo maana nilisema hasira ya walioipuuza ina haki. Huwezi kumzuia mtu Julai asikumbuke, kisha Agosti ukamwalika akumbuke.

Lakini tazama jambo hilo kwa upande wa pili pia. Kama kumbukumbu haina nguvu, kwa nini barabara zifungwe? Mtu anayeamini kwamba Saba Saba ni hadithi ya wazee asingepeleka magari ya maji ya kuwasha na vizuizi vya chuma. Kumbukumbu ya haki inaogopwa kwa sababu mwenye kuijua haki yake huanza kuidai.

Nimesikia pia hoja ya tumbo, na siidharau. Mama mboga hali Katiba, wanasema. Mpe unga kwanza, haki baadaye. Wanaosema hivi mara nyingi wana nia njema. Nadhani wanaitenganisha haki na unga mahali ambapo haviachani. Chukua ushuru wa nyumba, ile asilimia 1.5 iliyokatwa kwenye mishahara kuanzia 2023. Wananchi, akiwemo Seneta Okiya Omtatah, walikwenda kortini, na tarehe 28 Novemba 2023 Mahakama Kuu ikaamua kwamba makato hayo hayakuwekewa msingi wa sheria unaofaa na kwamba yaliwabagua walioajiriwa. Serikali ikalazimika kurudi Bungeni na kuleta sheria mpya Machi 2024. Unaweza kuichukia sheria hiyo mpya pia, mimi mwenyewe sijaridhika nayo, lakini angalia kilichotokea: Serikali yenye wingi wa wabunge iliambiwa na mahakama kwamba imekosea, kwa sababu wananchi wachache walijua kwamba Kifungu cha 22 kinamruhusu yeyote kwenda kortini kutetea haki zilizomo katika Sura ya Nne. Kifungu hicho kinasema wazi kwamba hakuna ada itakayotozwa kufungua kesi ya namna hiyo, na kwamba mahakama inaweza kupokea hata barua isiyofuata taratibu za kisheria. Ni wangapi wanajua kwamba wanaweza kuandika kwa mkono?

Nenda kituo chochote cha polisi Ijumaa jioni baada ya msako. Utamkuta mama amesimama kwenye kaunta, mwanawe yuko seli, anaambiwa arudi Jumatatu mkubwa wa kituo akiwepo. Katiba, Kifungu cha 49, inasema aliyekamatwa aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake, kwa lugha anayoielewa. Aruhusiwe kuwasiliana na wakili na mtu mwingine anayeweza kumsaidia. Afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Ila saa hizo zikiishia siku isiyo ya mahakama, muda husogea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Ndiyo maana Ijumaa inapendwa. Wakenya waliipa jina kabisa miaka kadhaa iliyopita, Kamata Kamata Friday, pale vigogo walipokuwa wakikamatwa mwisho wa wiki. Vigogo walilalamika magazetini. Vijana wa mitaa ya mabanda wamekamatwa Ijumaa miaka yote bila jina lolote kutungwa.

Mama yule hajui mambo matatu ambayo yangembadilishia jioni yake. Kwamba kifungu hichohicho kinakataza mtu kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita. Kwamba bondi ya polisi hailipiwi, na dhamana ya pesa taslimu hutolewa risiti na hurudishwa kesi ikiisha. Na kwamba ana haki ya kuuliza mwanawe ameandikwa nambari gani kwenye kitabu cha matukio, ile OB, maana asiyeandikwa humo ni rahisi kusemwa kwamba hakuwahi kufika. Hilo la mwisho si dogo. Juni 2025 mwalimu kijana aliyekamatwa Homa Bay kwa sababu ya maandishi ya mtandaoni aliletwa Nairobi usiku na akafa mikononi mwa polisi. Kwanza tuliambiwa alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa mwili wake ukaonyesha alipigwa na kunyongwa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, wahenga walisema, na walikuwa na busara yao. Lakini methali hiyo inamtegemea mwenye nguvu aamue kutoa. Katiba ya 2010 haikumwachia uamuzi huo. Ilimpa mnyonge karatasi ya kudai, na karatasi hiyo haina kazi ikiwa aliye kaunta anaijua na aliye mbele ya kaunta haijui. Jirani zetu wa Tanzania wana somo lao kuhusu hili: sura ya haki iliingizwa katika Katiba yao kwa mabadiliko ya 1984, lakini mwananchi hakuweza kuitumia mahakamani hadi 1988. Miaka hiyo yote haki ilikuwa imeandikwa na haitumiki. Kenya hakuna sheria inayotuzuia kuzitumia haki zetu leo. Kinachotuzuia wengi ni kutozijua, na hilo tunaweza kulirekebisha bila kumwomba mtu.

Watu wengine hudhani haki za Katiba ni za mawakili wa Nairobi. Ningependa wawakumbuke Wamakonde wa Kwale. Wazee wao waliletwa kutoka kaskazini mwa Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa enzi za ukoloni. Uhuru ukaja, wao wakabaki bila uraia. Watoto wao wakazaliwa hapa, wakazaa hapa, bila kitambulisho, bila akaunti ya benki, bila laini ya simu kwa jina lao wenyewe. Oktoba 2016 waliamua kutembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kupeleka ombi lao Ikulu. Kifungu cha 37 hakisemi kila raia. Kinasema kila mtu. Kwa hiyo watu ambao Serikali ilikuwa haiwatambui kuwa raia walitumia haki ambayo Katiba haikuwanyima, wakaitumia kudai uraia. Walipokelewa, wakaahidiwa, na mwaka uliofuata vitambulisho vikaanza kutolewa. Wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Kama natafuta somo la kuwafundisha watoto wa darasa la sita Pwani kuhusu Katiba, sihitaji kwenda mbali zaidi ya Kwale.

Kuadhimisha pia ni kuhesabu madeni, na hapa sherehe rasmi ndipo zinapokwepa. Kifungu cha 27 kilitaka hatua zichukuliwe ili wanachama wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Bunge lilipewa muda, likaongezewa, likaamriwa na mahakama, likakaa. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kupitisha sheria hiyo. Halikuvunjwa, na deni liko palepale. Kifungu cha 43 kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mwaka 2015 kijana aliyegongwa na gari alizungushwa hospitali moja hadi nyingine ndani ya ambulensi kwa saa 18, akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, na akafa. Nchi ililia wiki moja. Mtu akiniuliza Siku ya Katiba ina faida gani, nitamjibu kwamba walau mara moja kwa mwaka waziri wa afya asimame aeleze vitanda hivyo vya dharura vimefikia vingapi na viko kaunti zipi.

Kizazi cha sasa kimetuonyesha namna ya kuadhimisha kabla hata Serikali haijatangaza siku. Juni 2024 vijana waliusoma Mswada wa Fedha kurasa kwa kurasa, wakautafsiri katika lugha za nyumbani, wakarekodi maelezo mafupi kwa simu ili bibi kijijini aelewe mkate wake utatozwa nini. Walibeba mabango yenye nambari za vifungu. Sikumbuki wakati mwingine ambapo nambari 37 ilikuwa maneno ya mtaani. Miezi minne baadaye, Oktoba 2024, ukaletwa Seneti mswada wa kuongeza muhula wa Rais na viongozi wengine kutoka miaka mitano hadi saba. Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi, basi wananchi wakashiriki: barua pepe za kupinga zikamiminika kwa wingi ambao Seneti haikuutarajia, na mswada ule ukakosa pa kusimama. Linganisha na Juni 1982. Jaribio la kuipunguza Katiba halikutofautiana sana, na wanasiasa si watu bora zaidi. Safari hii watu walikuwa macho, na walikuwa na kifungu mkononi.

Kwa hiyo 27 Agosti ijayo sitasubiri hotuba. Machifu wote wana mamlaka ya kuitisha baraza. Baraza la siku hiyo liwe na ajenda tatu tu. Kwanza, Kifungu cha 49 kisomwe chote kwa sauti, kwa Kiswahili au kwa lugha ya mtaa, na mkubwa wa kituo cha polisi awe amekaa hapo hadharani, kisha watu waulize. Wamwulize pia kuhusu maandamano, maana bado tunasikia eti mkutano hauna kibali, wakati sheria ya utulivu wa umma inataka taarifa tu, ipelekwe kituoni kati ya siku tatu na siku 14 kabla. Pili, majina ya watu wa eneo hilo waliouawa, waliotekwa au waliofungwa kwa kudai haki, tangu enzi za kizuizini hadi Julai 2025, yasomwe mbele ya familia zao na yaandikwe kwenye kitabu kitakachobaki ofisini. Tatu, mbunge wa eneo aeleze kwa jina lake alipiga kura gani katika kila mswada wa kubadilisha Katiba uliofika Bungeni tangu achaguliwe, na tarehe ya kila kura. Tarehe hizo zibandikwe ukutani pale kwa chifu, karibu na tangazo la vitambulisho, mahali ambapo kila mtu atapita.